Mpangaji Aliyenitia Kwenye Hadithi

Mtunzi aliogopa nyuki. Naanza na hilo kwa sababu waliosoma hadithi zake, zile za majini wanaopenda binadamu na mizimu inayopanda bodaboda, hudhani aliyeziandika ni mtu asiyetishika. Miaka sita alipanga chumba cha mbele nyumbani kwangu hapa Ntalikwa, na sikumwona hata siku moja akipita karibu na madebe yangu ya masega bila kujifunika khanga usoni. Nyuki mmoja tu, tena amelewa moshi, anatembea kwa miguu, yeye tayari yuko juu ya kiti ananiita. Naenda namtoa nyuki kwa kidole. Yeye anashuka, anarudi kwenye hadithi yake simuni, anaendelea kumnyonya mtu damu.

Jina lake sitaliandika. Hadithi zenyewe alizitia jina jingine, la kiume, na wasomaji waliamini ni kijana wa Dar mwenye ndevu. Kwao sikuuliza sana. Nilijua ni upande wa Puge, watu wa jembe, na kwamba alikuja na godoro, ndoo mbili na kitabu cha nyimbo za kanisani ambacho hakukifungua. Mimi nilimwita mtunzi. Mwanzoni nilimwita hivyo kwa kumcheka, maana mtu mzima anayeshinda akibonyeza simu mimi sikumhesabu kuwa ana kazi. Baadaye jina likakaa.

Kazi yangu mimi ni nta. Nilisoma hadi darasa la nne nikaishia hapo, nikaolewa na mrina asali. Alipofariki, mizinga yake huko porini akaichukua shemeji yangu, masega yakawa yangu. Sega likishakamuliwa asali nalitia kwenye sufuria kubwa la maji, nachemsha, nachuja kwa gunia, namimina kwenye beseni. Ikipoa inaganda, nakwangua machicha, nalifunga bonge kitambaa lisishike vumbi, nalipandisha darini. Wanunuzi ni mafundi viatu wa mjini na watu wa mishumaa. Nimepikia kuni zaidi ya miaka thelathini, na kuni za masika hazikauki. Kwa hiyo macho yangu ni mekundu. Nalisema hili mapema, kwa kuwa huku kwetu bibi mwenye macho mekundu hakuna anayemuuliza anapikia nini. Wapo waliokatwa mapanga kwa macho hayo tu, wakiitwa wachawi.

Kila alasiri mtunzi aliweka kigoda mlangoni mwa jiko, mbali na masega, akanisomea kipande alichoandika siku hiyo. Nilidhani ananisomea mimi. Siku moja nikagundua kwamba hanitazami usoni, anatazama upawa ninaokorogea nta. Upawa ukiendelea kuzunguka, alinyamaza, akarudi chumbani akaandika upya. Ukisimama, kipande kile kilienda kwa wasomaji wake jioni hiyohiyo, kwenye makundi yao ya simu. Nilimwambia kwamba ataniunguzia nta kwa ajili ya mapenzi ya majini. Akasema nta ikiungua yeye anashukuru.

Alikuwa na maneno yake. Alisema mapenzi yasiyo na hofu ni ndoa, na ndoa hazisomwi. Alisema msomaji ni kama mgeni, ukimwonyesha pa kulala mapema anaacha kusikiliza. Neno alilolirudia kuliko yote ni hili: "Bibi, jini wa mbali hamtishi mtu. Mtishe msomaji kwa kitu kilichopo jikoni kwake." Nililisikia mara nyingi nikiwa nimesimama jikoni kwangu, na sikulifikiria.

Hakuamini majini. Nilimuuliza, akasema ni ya kitabuni. Lakini hakuingia chumbani mwake bila kupiga hodi, chumba anacholala peke yake. Hakufagia jua likishazama. Kuku wa Krismasi nilichinja mimi, yeye akisimama nyuma ya nyumba ameziba masikio. Na wiki hiyohiyo wasomaji wake walikuwa wanasoma habari za bwana mmoja kule sokoni anayekula mioyo.

Na kwa kazi hakuwa mvivu, nimpe haki yake. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya mpagazi. Katika zama za misafara, mpagazi huyo alibeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji, akapata homa kabla ya kufika Tabora, wenzake wakamwacha kichakani na kugawana mzigo wake. Sasa amerudi. Amevaa suti, hana kivuli, anampenda msichana anayefanya kazi benki mjini. Hawezi kumwoa mpaka mtu amwite kwa jina alilopewa na mama yake, na jina hilo hakuna aliye hai anayelijua. Mtunzi alipofika mahali pa kueleza uchovu wa mpagazi, alikwama siku tatu. Siku ya nne akaniazima debe, akalijaza mahindi, akajitwika, akashika barabara ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, peku. Watu walitoka majumbani kumtazama. Wengine walimwuliza kama mashine ya kusaga imehamia huko. Alirudi jua likiwa linaelekea kushuka, shingo imekakamaa kama mpini. Nilimkanda kwa maji ya moto. Akaandika mstari mmoja, akanisomea: "Mpagazi haikumbuki njia, anakumbuka visigino vya aliyemtangulia." Upawa ulisimama. Nikamwambia kwa mstari mmoja angeweza kukaa nyumbani. Akasema asingeuona.

Mapenzi yake mwenyewe sikuyaelewa. Mwalimu mmoja wa Nzega alikuja mara mbili na pikipiki, mtu mpole, anaamkia vizuri, ananiletea sukari. Mara ya pili nikamsikia mtunzi anamuuliza ile siku mke wake wa kwanza alipomwacha alishika nini mkononi, na mlango ulitoa sauti gani. Mwalimu alijibu yote. Baada ya mwezi akayakuta kwenye hadithi, mlango na mkono. Hakuja tena. Nilimgombeza. Akaniambia, bila hata kuona haya, kwamba aliona mlango ule ni mzuri mno kuuacha. Hapo ningepaswa kumjua. Mtu anayechukua mlango wa mchumba wake, wa mwenye nyumba atauacha?

Yale aliyonifanyia mimi hakunisomea. Alasiri tatu mfululizo alisema koo linamuuma. Mimi nikamchemshia tangawizi, mjinga mimi. Nilizipata habari bombani, kutoka kwa binti mmoja aliyekuwa anajaza ndoo. Alinisalimia vizuri, kisha akacheka akaniuliza, "Bibi, lile bonge lenye jina la mpagazi ni lipi? Tumwambie yule dada wa benki."

Wanawake wengine walicheka pia. Nikauliza wanacheka nini. Binti akanisomea palepale. Katika hadithi ametokea bibi anayekaa pembezoni mwa mji, macho mekundu, anachemsha nta mchana kutwa. Darini kwake kuna mabonge yaliyofungwa vitambaa. Ndani ya kila bonge ameziba jina la mtu aliyekufa, na asiyekuwa na jina hawezi kupumzika. Kitambaa cha bonge la juu kabisa kina maua ya bluu.

Kitambaa changu kina maua ya bluu. Kilikuwa gauni la marehemu dada yangu.

Siku za kwanza ilikuwa mzaha. Halafu mzaha ukapungua, nikaanza kuona kwamba nikifika bombani nafasi inapatikana upesi. Fundi viatu aliyeninunulia nta miaka yote akatuma ujumbe kwamba kwa sasa anayo ya kutosha. Halafu mtoto wa Mama Shija, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akashikwa na homa, akapelekwa hospitali amechelewa, akafa. Nilikwenda msibani. Nilipokaa mkekani, wanawake wawili waliokuwa karibu yangu waliondoka kwenda kuangalia chungu, na hawakurudi.

Jumatano mwenyekiti wa mtaa akaja. Aliniamkia kwa heshima, akakataa kiti. Akasema watu wanataka kuchanga waletwe lambalamba, wale waganga wa kufichua wachawi, ambao huingia kwa mtu na ngoma, huchimba, hupekua, na hawatoki mikono mitupu. Yeye anakataa, lakini kuna mkutano Jumamosi asubuhi, na yeye ni mtu mmoja. Alipokuwa anaongea aliinua macho kutazama dari. Alijishika, akayashusha. Nilimwona.

Nikamwita mtunzi. Alikuwa ameshajua, uso umemshuka. Sikupiga kelele. Nilimwambia wanakuja kuchimbua nyumba yangu na watakachokitafuta tayari kipo, amewaandikia mpaka rangi ya kitambaa.

"Nitamwondoa, bibi," akasema. "Kipande cha leo. Radi itampiga, afe, yaishe."

"Ukimuua humo, umewaonyesha njia."

Nikamwambia bibi yule ni mtu wa karatasi na hata mkono wa kukinga panga hana, mimi ninao. Akaanza kulia. Nikarudi kwenye sufuria, maana nta haisubiri machozi ya mtu.

Asubuhi yake mlango wa chumba cha mbele ulikuwa na kufuli.

Alhamisi nzima, Ijumaa nzima, hayupo, simu imezimwa. Binti yangu alipiga kutoka Isikizya, akataka nipande gari niende kwake mpaka mambo yapoe. Nilikataa. Mzee akikimbia mkutano, amesaini kuwa ni mchawi. Nikafikiria kuyashusha mabonge niyafukie nyuma ya choo, nikachukua hata jembe. Kisha nikaona nta iliyo darini ni biashara, iliyofukiwa ni uchawi. Nikarudisha jembe. Nikafua gauni langu la kanisani. Sitakudanganya, nilimwaga sabuni mara mbili.

Jumamosi tukakusanyika uwanjani mbele ya ofisi ya mtaa. Sungusungu, walinzi wa mtaa, walikuwepo na fimbo zao. Mama Shija alikaa mbele, kitambaa cha msiba kichwani. Nilipewa kiti peke yangu upande mmoja, na huo peke yake ulikuwa ujumbe. Mwenyekiti alikuwa hajamaliza kufungua mkutano watu walipogeuka kutazama barabarani. Mtunzi alikuwa anakuja kwa miguu, amejitwika mzigo wa kuni, shingo imekaza vilevile kama siku ya debe. Akautua katikati ya uwanja. Akaamkia wazee.

Akasema hadithi ya mpagazi ameitunga yeye. Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mzee mmoja wa sungusungu akamwambia akae chini, mtunzi wa hadithi ile ni mwanaume. Yeye akatoa simu, akasoma kipande ambacho hakijatoka, pale msichana wa benki anapogundua mchumba wake hana kivuli. Alisoma vibaya, sauti inakatika, lakini watu wakasogea wasikie. Alipomaliza akasema yote ni uongo wake. Jini hakuna, mpagazi hakuna, na bibi wa hadithi amemjenga kwa vitu vya nyumba aliyopewa kulala.

"Mnataka watu wa kuchimba," akasema. "Kabla hawajaitwa, mabonge yote yaletwe hapa tuyayeyushe mchana kweupe. Likitoka jina la mtu, mnichukue mimi."

Mimi niliona nta yangu inakwenda kuchemshwa mara ya pili, nikataka kusimama nikatae. Mwenyekiti akanitazama. Nikatoa ufunguo.

Wakateremsha mabonge, wakaleta sufuria langu na gunia langu. Kuni zake zilikuwa mbichi, nadhani ndizo alizozifuata siku zile mbili, na moshi ukalala chini uwanja mzima. Wanawake walisogea kuona, wengine wakashika kuni wakachochea, maana aliyekuja kuona lazima aone. Bonge la maua ya bluu alilifungua yeye, mbele ya Mama Shija, akamkabidhi kitambaa, akalitosa. Akakoroga. Akachuja. Kwenye gunia vikabaki miguu ya nyuki, mabawa, makapi. Bonge la pili. La tatu. Ikanukia, na nta ikinukia nyuki huja. Walikuja wengi. Watu wakarudi nyuma. Mtunzi hakuacha mwiko. Nyuki walimtembea mikononi, shingoni, mmoja akamchoma chini ya jicho. Hakuita mtu.

Jua lilipofika kichwani lilibaki bonge moja. Macho yake yalikuwa kama pilipili. Akaweka mwiko chini, akawageukia wanawake waliokuwa wanachochea.

"Tazamaneni," akasema.

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na macho meupe. Mama Shija, mwenye moshi na kilio cha wiki nzima, yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Alikishika kile kitambaa cha dada yangu kwa muda, akaja akakiweka juu ya mapaja yangu, akaenda zake. Hakunisalimia. Lakini lambalamba hawakuitwa.

Nitaje na hili, kwa sababu ni kweli: watu wakitawanyika, mwenyekiti alimvuta mtunzi pembeni akamwuliza kwa sauti ya chini kama mpagazi atalipata jina lake. Akajibu hajui.

Watu husema nilimsamehe siku ile. Sikumsamehe. Aliyeuzima moto nyumbani kwangu ndiye aliyeuwasha. Nilimkanda uso uliovimba, nikampikia uji, nikamwambia mwisho wa mwezi nataka chumba changu. Alikuwa ameshafungasha. Hadithi aliikatia palepale, na wasomaji wake walimtukana sana, wengine kwa kuikata, wengine kwa kuwa mwanamke. Mtaa nao haukurudi kama zamani kwa siku moja. Fundi viatu alirudi baada ya mavuno. Mama Shija alichukua mwaka mzima, halafu asubuhi moja bombani akasema "Mwangaluka, mama," salamu ya asubuhi ya kwetu, nami nikamwitikia, tukajaza ndoo zetu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilikuwa nachemsha nikasikia hodi. Ni mtunzi, sasa ana miwani. Amekonda kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa mbali na masega."

Akacheka, akachukua kigoda kilekile. Alisema huko Puge analima mpunga, na anaandika alfajiri. Kuna mtu wa kuchapa aliyekubali kuitoa hadithi ya mpagazi iwe kitabu, na safari hii hatapeleka ukurasa wowote wa bibi kabla sijausikia. Nisipokubali, anauchana. Akatoa daftari kwenye mkoba. Nikamwambia asome.

Akasoma. Bibi wa humo sasa anauza maandazi. Macho yake meupe, nyumba yake safi, haina dari. Anampa mpagazi andazi na kumwombea. Nilikuwa nakoroga. Alisoma kurasa nne, na kila mara nilimwona akiinua macho kutazama upawa, na upawa ulikuwa unazunguka.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

"Ni wewe, bibi. Nimekutoa vitu vyote vibaya."

"Umenitoa kazi yangu."

Akafunga daftari. Alifikiri nimekataa. Nikamwambia sijamaliza. Nikamwambia arudishe macho. Arudishe nta, na dari, na kitambaa cha maua ya bluu, aseme kilikuwa gauni la nani. Kisha aandike kuni. Aandike ni miaka mingapi, na kwamba za masika hazikauki. Moshi auandike mwanzo kabisa, kabla ya macho, ili anayesoma akifika kwenye macho awe ameshaambiwa, asiwe na pa kukimbilia.

"Na jina la mpagazi?" akauliza. "Bibi analijua?"

"Hajui. Bibi hajui jina la maiti wa mtu yeyote. Anajua kuchuja."

Akainama juu ya goti lake akaandika. Alichukua muda mrefu. Nyuki mmoja alitoka kwenye debe, akatua kwenye mkono alioshikia kalamu, akampanda mpaka kwenye kifundo. Niliona ameona. Mkono ukakaza, kisha ukaendelea kuandika. Alipomaliza hakuniuliza kama niko tayari. Alianza kusoma kwa sauti ya chini, kuni kwanza, halafu moshi, halafu mwanamke kijana anayejifunza kuchochea huku mumewe akicheka namna anavyofikicha macho.

Harufu ya nta inayoungua ndiyo iliyonishtua. Nilitazama upawa mkononi mwangu. Yeye alikuwa ameuona kabla yangu. Akafungua ukurasa wa pili.